Maisha ya Mama Masharti, Karani wa Bima ya Shehena

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika nasi, familia imenipa mimi, binti wa kwanza wa marehemu, kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa fundi wa breki na mshona nguo, akafuatiwa miaka sita baadaye na mdogo wake wa pekee, ambaye alimbeba mgongoni hadi majirani wakauliza mama wa mtoto huyu ni yupi. Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana kuanzia 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya wasichana hadi 1977, na mwaka 1979 akamaliza chuo cha biashara, akiwa wa kwanza darasani kwa kupiga taipu.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa kuwa karani wa bima ya shehena, ghorofani juu ya duka la vipuri, katika chumba chenye dirisha moja, ambalo likifunguliwa tu vumbi la yadi ya malori huingia na kukaa juu ya karatasi kama mgeni asiyejua kuaga. Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu, baba yetu, aliyependa kutuambia kwamba hata barua ya posa mama aliirudisha ina alama za kalamu nyekundu, akitaka aya ya pili ifafanuliwe. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1985 na mapacha mwaka 1989, na baba akatutoka mwaka 1998.

Tarehe 12 Februari 2004 mjomba wetu, yule mdogo wake, alikuwa amenunua lori lake mwenyewe baada ya miaka kumi na minne ya kuendesha ya watu, akapanda ngazi zile kukata bima ya mizigo atakayobeba. Ofisi ilikuwa inafungwa, mama alikuwa na haraka, na mjomba akacheka, akasema, "Dada, wewe si ndiye unayejua? Nionyeshe tu pa kutia saini." Mama akamwonyesha. Ukurasa wa tatu, wenye kipengele cha nyongeza kwa lori linaloharibika njiani, hakumsomea.

Tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, lori likiwa limebeba majokofu ya hospitali, breki zilishika moto mlimani, mjomba akaenda kwa miguu kutafuta fundi, na aliporudi alikuta turubai limechanwa na bodi ni tupu. Hati ilisema gari likiachwa bila mlinzi hakuna fidia, ila kwa aliyechukua kile kipengele. Mjomba alikaa mbele ya meza ya dada yake na kofia magotini, akamwambia, "Andika walinitishia panga. Mstari mmoja tu, dada."

"Siwezi kuandika kisichokuwepo," mama akajibu.

Alisema kweli, lakini si yote, maana kuhusu ukurasa wa tatu alinyamaza. Fidia ilikataliwa, lori likachukuliwa na mwenye mizigo, na mjomba akarudi kuendesha ya watu, asimsemeshe dada yake kwa miaka kumi na tisa, hata siku ya kumzika bibi, waliposimama kila mmoja upande wake wa kaburi.

Tangu hapo mama hakungoja madereva wapande ngazi, alishuka yadi na fomu mkononi, akasimama mlangoni mwa lori na kusoma kila sharti kwa sauti, kisha akadai, "Haya, rudia." Wakampachika jina la Mama Masharti, na mmoja akalalamika, "Jamani, ndoa yangu yenyewe haikuwa na maneno mengi hivi!" Yadi nzima ilicheka. Mama hakucheka. Alistaafu tarehe 31 Mei 2019.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumamosi tarehe 9 Machi 2024 alinituma nimwite mjomba, naye akaja, akasimama miguuni pa kitanda, akasikia habari ya ukurasa wa tatu.

"Ulijua tangu siku ile?" akauliza.

"Tangu ulipokaa kwenye kile kiti. Niliona aibu, na aibu ikazeeka nami."

Mjomba alitoka. Siku nane hakuonekana, na mama alikuwa akigeuza shingo kila mlango ulipolia. Siku ya tisa alikuja na shuka alilolipiga pasi mwenyewe, akamtandikia, akawa anakuja kila asubuhi kumlisha. Kama alisamehe, hakusema, na mama hakuuliza. Alifariki tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mjomba akiwa ameshika kijiko.

Mama aliniagiza, "Ya Februari uisome. Usinipambe." Nimeisoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa ofisi ile na madereva walioegesha malori yao barabarani kuja kumzika. Na mjomba, uliyemleta mama hapa leo kwa mikono yako, ukiendesha taratibu hata magari ya nyuma yakapiga honi, hilo nalo tumeliona.

Mama, umesema yote. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.