Miaka Tisa Sikupanda Mgomba

Mugonile, wapendwa. Na ninyi mliotembea kutoka Makandana na Msasani na mvua hii, poleni na tope. Mwenyekiti wa kina baba amenipa robo saa nieleze jinsi Mungu alivyonitoa mbali. Nitaeleza. Lakini nasema mapema, sijaja kuwafurahisha. Nina uchungu, na sehemu ya uchungu huo mmenipa ninyi.

Sitataja jina la mtu. Atakayejitambua anyamaze hivyo hivyo, kama alivyonyamaza miaka yote.

Wengi mnanijua kama mtu wa ndizi. Wachache wa rika langu wanakumbuka kwamba ujanani nilicheza mpira wa Wamarekani. Naona mmeanza kucheka kule nyuma. Chekeni tu, mtaacha wenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, kila kijana anaona dunia imefunguliwa mlango na yeye yuko kizingitini. Shuleni kwetu alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika, kijana mwembamba, anafundisha hesabu. Baadaye ikafika shehena ya misaada kutoka kwa watu wa kwao. Ndani yake yalikuwamo makasha mawili ya ajabu: kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso, mapedi ya mabegani, na mipira mitatu iliyochongoka huku na huku kama papai. Kofia zilikuwa kumi na moja na sisi tulikuwa ishirini na wawili. Ikabidi wanaoshambulia wavae kofia, wanaozuia wavae mapedi. Mwalimu alituambia kwao angefungwa kwa kutuchezesha vile.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kupenda kitu kama nilivyoupenda mchezo ule. Mpira wa miguu sikuuweza. Nilikuwa mzito, nimekulia kubeba mikungu ya ndizi kutoka bondeni hadi barabarani, na wenzangu walinipita wakicheka. Kwenye mchezo ule uzito wangu ukapata kazi. Nikawekwa mstari wa mbele. Misimu miwili mpira wenyewe niliushika mara moja, tena kwa bahati mbaya. Kazi yangu ilikuwa kumkinga aliyeushika. Unainama, mkono mmoja kwenye tope, unamsikia mwenzako wa upande wa pili anavyopumua, mwalimu anahesabu, halafu mnagongana vifua hadi jino linacheza. Kidole hiki kilichopinda ni cha enzi zile. Mama zetu wakipita na vikapu kwenda sokoni walisimama kutushangaa, na mmoja alituuliza, "Huo mpira una kosa gani, mbona mnamuua kila anayeushika?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Zilikuwa siku tamu. Mpaka leo kijana wangu akinionyesha mchezo ule kwenye simu, mabega yananicheza yenyewe.

Sasa sikilizeni nilipoangukia. Muda wa mwalimu ulipokwisha, siku ya kumuaga, alinishika bega mbele ya darasa zima akasema, "Kwetu kijana mwenye kifua kama hiki anasomeshwa chuo bure." Akanipa kofia moja niwe nayo. Basi. Hakusema zaidi ya hapo.

Mtu mwenye akili angeshukuru kwa sifa akaendelea na maisha yake. Mimi niliifanya ahadi. Kwetu mgeni akitamka neno mbele ya watu, tunalihesabu limetamkwa. Nilimwandikia barua, akajibu mara moja tu, salamu kwa wote na picha yake amesimama kwenye theluji. Chuo hakukitaja. Nikajiambia anaandaa karatasi. Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mwalimu, nikamwita mwongo kwenye vilabu vya pombe. Hakunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwa mdomo wake.

Tata, yaani baba yangu mzazi, alinigawia kibanja na nikaoa. Mnajua kijana wa kwetu akipewa kibanja anaanza na nini. Anapanda migomba. Mimi nikakataa. Mgomba ni wa mtu anayekaa, nikasema. Utachukua zaidi ya mwaka kuzaa, mimi nitakuwa Amerika, nimpandie nani? Nikapanda maharage. Nikapanda mahindi kidogo. Vitu vya kuvuna na kuondoka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Miaka tisa, wapendwa! Kibanja changu kilikuwa wazi kama upara katikati ya migomba ya watu. Wenzangu wanapakia mikungu kwenye malori, mimi naenda posta Tukuyu kuuliza barua. Karani aliponiona mlangoni alikuwa anatikisa kichwa hata kabla sijamsalimia.

Mke wangu alinisihi. "Baba watoto, hata mitano tu, ya kupikia watoto." Namjibu, "Mwanamke, usinifunge miguu." Ndiyo, nilimjibu hivyo. Yule pale amekaa, muulizeni.

Tata aliona aibu kwa ajili yangu. Hakugombana na mimi. Alianza kuja kwenye kibanja changu na machipukizi ya migomba yake, akapanda mwenyewe, na umri ule. Sasa vijana na wageni, niwaeleze jambo. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawaangaliani, hawali pamoja, wakikaribia kupishana njiani mmoja anakwepa. Ni heshima kubwa, na hata sisi tuliobatizwa tuliishika. Kwa hiyo tata akifika mpakani anakohoa kwa nguvu, mke wangu anasikia, anajifunika kitenge kichwani na kuzunguka nyuma ya nyumba hadi mzee amalize. Waliishi hivyo, wakilima kibanja kimoja bila kuonana, kwa sababu mwenye kibanja alikuwa anasubiri barua.

Masika moja nikasikia kuna Wamarekani wamefikia Mbeya mjini. Nikaweka kofia yangu kwenye mfuko, nikaondoka bila kuaga. Siku tatu nilikaa nje ya geti la nyumba ya wageni. Siku ya tatu wakatoka. Kumbe ni wataalamu wa visima. Mmoja akaitazama kofia, akaniuliza kwa upole kama natafuta kazi ya kuendesha pikipiki.

Siku hiyohiyo tata alikuwa kibanjani kwangu anasafisha migomba. Tope la masika mnalijua. Aliteleza akaporomoka hadi mtaroni, paja likavunjika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu likavunjika la mkuu mwenyewe.

Mke wangu alisikia yowe akiwa nyuma ya nyumba. Alisimama palepale akaita watu. Hakuna aliyeitika, kijiji kizima kilikuwa kimevuka bonde kwenda msibani. Akaita tena. Mzee analia mtaroni. Mila inamwambia usiende. Mimi, ambaye ningepaswa kwenda, niko Mbeya nimekumbatia kofia. Basi akaenda. Alijifunika kitenge usoni, na tata akajifunika koti lake kichwani ili asimwone mkwewe, na hivyo hivyo, wote wawili wamejifunika, alimbeba mgongoni akampandisha kilima kile kwenye mvua hadi barabarani. Gari la chai likawachukua hadi hospitali Makandana.

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya kwa sababu ya uzee. Na maneno yakaanza. Mzee hatembei sawa kwa sababu mkamwana amemshika. Mzee anakohoa, ni kwa sababu mkamwana amemshika. Mzee akaishi masika mawili na fimbo yake, akafariki kwa kifua, na msibani shangazi yangu akasimama mbele ya watu akasema mke wangu asikae na wakwe wenzake, aliyevunja mwiko akae kando. Mke wangu alichukua kigoda chake akaenda kukaa karibu na rundo la kuni. Siku mbili. Wanawake walipita wakampa chakula kwa kumsogezea sahani kwa mguu.

Mlikuwepo. Wengi wenu mlikuwepo, mkala na mkashiba.

Na mimi nilikuwepo. Mimi, fundi wa kumkinga mtu, niliinamisha kichwa. Ningefungua mdomo ningeulizwa nilikuwa wapi siku ile, na ningejibu nini?

Baada ya hapo nikaingia kwenye kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Sitawapotezea muda, mlevi mnamjua alivyo, na mimi nilikuwa huyohuyo, na kelele zaidi. Kofia yenyewe kuku alitagia. Siku moja mke wangu alifunga mzigo wake, watoto wamesimama mlangoni, akaniambia bila hasira, "Baba yako nilimbeba kilima kimoja. Wewe nimekubeba miaka tisa. Mgongo umechoka." Akaenda kwa kaka zake.

Nilibaki nimekaa kwenye benchi. Mara ya kwanza tangu nioe, hapakuwa na mtu wa kumwambia ananifunga miguu. Jirani mmoja, rika la tata, alinikuta pale siku ya nne. Hakuniombea, hakunihubiria. Migomba aliyopanda tata nilikuwa nimeiacha ikafa kwa magugu, na mzee huyu alikuwa ameleta majembe mawili. Akasema, "Simama, mwanangu. Tupande." Nilitapika mara mbili kwenye shimo la kwanza kwa pombe iliyokuwa tumboni, yeye akasogea pembeni, akangoja, akasema, "Haya, shimo la pili." Alirudi kesho yake, na keshokutwa, mwezi mzima. Pombe niliiachia humo kwenye mashimo.

Mwaka uliofuata migomba ilipoanza kutoa mikungu nikamfuata mke wangu. Kaka zake waliniuliza swali moja: "Utasema mbele za watu kwamba hakukosa?" Nikaitikia haraka, nitasema. Akarudi. Na sikusema. Mkungu ukawa mizigo, mizigo ikawa nyumba ya bati, watoto wakasoma, nikawa mzee wa kuheshimiwa, mtu wa kuitwa mbele kutoa ushuhuda, na ahadi ile sikuitimiza. Yeye hakunikumbusha hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pombe yote.

Sasa mnajua kwamba Jumamosi kijana wetu mkubwa anaoa. Na juzi kina mama wa ukoo wamekaa kikao, wametuma mtu nyumbani kwangu na ujumbe kwamba bibi harusi apokewe na mama mwingine, kwa sababu mikono ya mama mzazi ilivunja mwiko. Miaka yote hii! Mke wangu aliusikia ujumbe huo akiwa anachambua mchele. Akasema sawa. Akaendelea kuchambua.

Ndipo nikamwomba mwenyekiti nafasi hii.

Nawaambia jambo ambalo halijasikiwa na mtu zaidi yangu na mke wangu. Kule hospitali, nilipofika nanuka safari, tata aliniita karibu. Mke wangu alikuwa amekaa nje ya mlango, amegeukia ukutani kwa heshima. Tata akasema kwa sauti, makusudi ili asikie: "Mwambie aingie. Aliyenibeba ni mwanangu. Angekuwa mkwe tu, ningekufa mtaroni." Na akaniagiza nikifika nyumbani nikawaambie watu. Aliniagiza mimi, na mimi nikayameza maneno ya baba yangu mzazi, nikamwacha mke wangu akae na kuni, kwa sababu kuyasema kulimaanisha kusema nilikuwa wapi. Nilikuwa Mbeya, getini, na kofia. Kosa ni langu. Yeye hana kosa na hajawahi kuwa nalo.

Mama watoto, nisamehe. Nimechelewa mno, najua.

Ndaga fijo kwa mzee wa majembe mawili, ambaye Mungu amemchukua na sikumshukuru vya kutosha. Ndaga fijo kwa kaka za mke wangu kwa kumrudisha kwa mtu asiyestahili. Vijana, mkisifiwa na mgeni, semeni asante, halafu pandeni. Mkiitwa huko mbali, nendeni. Migomba haimzuii mtu kusafiri, na akirudi bila kitu anaikuta imezaa.

Jumamosi mke wangu ndiye atakayempokea mkamwana wetu, kwa mikono yake hiyohiyo. Ambaye hawezi kuangalia, abaki kwake. Na mkamwana huyo nitamwambia mwenyewe, mbele yenu, siku hiyohiyo: ukinisikia nimeanguka, usisimame nyuma ya nyumba kuita watu. Njoo uninyanyue.