Kumbukumbu Niliyosema Imeibiwa

Assalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika tano, mnanijua, nitajitahidi.

Ndugu zangu wa kuzikana, mimi ndiye yule mama wa video za harusi. Sherehe zenu nyingi nimezikata na kuziunga mimi, kwenye kompyuta yangu iliyo pembeni ya kabati la vyombo. Na ninyi ndio mlionisikia hapahapa, kikao cha wakati wa masika, nikisema fundi mmoja wa mtaani kwetu, mwenzetu wa kikao hiki, kaniibia. Leo nimesimama kuwaambia kwamba sikuibiwa.

Ilianza hivi. Nilipata programu mpya ya kuunga video. Nikiifungua inagoma, inasema kumbukumbu ya picha haitoshi. Mimi kwa udadisi sijambo. Nikapekua mtandaoni, nikaelekezwa kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla kompyuta haijawaka vizuri. Nikakuta mahali pa kuchagua picha zipewe kiasi gani. Nikachagua kikubwa kuliko vyote, GB nne. Programu ikafunguka! Nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni, mzee wangu akadhani tumepata mgeni.

Wiki iliyofuata feni ya kompyuta ikawa inakoroma, nikampelekea fundi, akaisafisha. Niliporudi nyumbani nikafungua video, picha na muziki kwa pamoja. Mashine ikawa inatambaa. Nikatazama kumbukumbu yake kuu, ile vijana wanaita ram. Nilinunua yenye GB nane, zinazotumika zimeandikwa nne. Nne nyingine ziko wapi? Nani aliifungua mara ya mwisho? Jibu nikawa nalo kabla sijamaliza kujiuliza.

Ndugu zangu, nawaambia, ulimi hauna mfupa. Nilisema hapa, nikasema sokoni, nikasema saluni. Watu wakaenda kuchukua redio na simu zao kwake. Miezi miwili haikupita, kibanda kikafungwa, na yeye akaacha kuja vikaoni. Mtu wa kuzikana naye nilimzika akiwa hai. Naona aibu hata kulitamka.

Siku moja akaja kwangu mwenyewe, ameongozana na katibu wetu.

"Shikamoo, dada."

Bado ananiamkia! Akaomba aifungue kompyuta mbele yangu na mbele ya shahidi. Akafungua. Vibao viwili vya kumbukumbu, jumla GB nane kamili, vipo palepale. Nikajua nimemkosea, lakini udadisi nao haukuniacha: sasa kwa nini inaandika nne? Akaiwasha, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio.

"Dada, nani aliweka nne hapa?"

"Mimi."

"Ulidhani zinatoka wapi?"

Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Matombo, kule mlimani.

"Basi hili unalijua. Chipu ya picha ya mashine hii haina shamba lake. Inalima kwenye shamba la ram. Ukiikatia nusu, mwenye shamba anabaki na nusu."

Jamani! Sisi Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Mzee wangu, yule pale anayecheka, amelima ndizi kwenye shamba letu tangu anioe, na hakuna aliyesema shamba limeibiwa. Nikaelewa palepale. Nikakaa sakafuni nikalia, nikamwomba msamaha. Yeye akapunguza nne zikawa mbili, tukajaribu. Programu ikafunguka, na muziki ukapiga bila kukwama.

Namshukuru katibu, aliyekubali kutembea naye wakati sisi tunamkwepa. Namshukuru mzee wangu, aliyekuwa akiniambia tangu mwanzo, "Mke wangu, una uhakika?" nami nikamnyamazisha. Sokoni nimerudi, nimesema nilikosea. Saluni nimerudi. Nilikuwa nimebakiza hapa, na hapa ndipo pagumu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilipoongezewa, sikuuliza kilichoongezwa kimetoka wapi. Nilipopungukiwa, nikauliza nani kachukua. Ningeanza na lile swali la kwanza, mtu asingefunga kibanda chake.

Sasa jamani, yeye yuko nje hapo mlangoni. Nimemsihi tuingie wote, kakataa. Anasema haingii mpaka asikie mnamwita wenyewe. Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Naomba mumwite.