Vifaranga Walipobisha Hodi

Nje ya duka la vitambaa la Champa, pale Ilford, Landani, pana benchi ambalo manispaa iliweka ili wazee wapumzike, na wazee wenyewe wakaligeuza bunge. Jumamosi baada ya adhuhuri, mvua isipozidi, utamkuta Msabaha, Mpemba mwenye chupa ya kahawa chungu, anayeitwa Kontena kwa sababu miaka nenda rudi anapakia mizigo ya watu kwenda Mombasa na Dar. Utamkuta Evans wa Kakamega, mlinzi wa supamaketi, jina lake la kijiweni Inspekta. Utamkuta Godbless wa Moshi, anasukuma vitanda hospitali, kwa hiyo ni Dokta. Wa nne ni Hussam, dereva mstaafu wa mabasi mekundu, ambaye wiki hii nzima hakuitwa ila Bwana Mifugo. Alikuwa ameagiza vifaranga wa siku moja, waletwe na gari la kampuni hadi mlangoni, ndani ya boksi lenye matundu, kwa ajili ya mjukuu wake Haifa. Kila aliyepita hapo alisimuliwa. Leo alikuja kichwa chini, na kikombe hakukipokea mpaka aliposhikishwa.

— Bwana Mifugo, wanao wamefika? akauliza Kontena.

— Hawakuletwa.

Uongo ulimtoka upesi kuliko alivyodhani, na papo hapo akauonea haya. Vifaranga waliletwa asubuhi. Taa ya joto ilikuwa imeshawashwa, magazeti yametandazwa jikoni. Mara mlango ukagongwa kwa ngumi, bila hodi wala salamu, na mtu mwenye koti la manjano akalisoma kwa sauti jina lake lote, lile la kwenye pasi. Zile siku ambazo Hussam hakuwa na karatasi za ukaazi, mlango uliogongwa hivyo haukufunguliwa. Kila aliyemjua alikuwa na sheria hiyo, kwamba mgeni wa kweli hupiga simu kwanza. Pasi ya Uingereza anayo sasa, iko kabatini miaka mingi. Lakini mwili wake ulikwisha kuzima taa kabla akili haijauliza kitu. Akamvuta Haifa nyuma ya kochi. Mtoto akasema, "Babu, it's the chicks!" naye akamziba mdomo kwa kiganja. Wakakaa hivyo mpaka gari likaondoka. Kisha simu ikaleta ujumbe: dereva amefika, hakukuta mtu. Mkewe Mwanabaraka alikuwa chumbani, amelala baada ya shifti ya usiku, hakusikia lolote. Hussam akamwacha mtoto na bibi yake, akatoka, kwa sababu hakuweza kuvumilia jinsi mtoto yule alivyokuwa akimtazama.

— Hawakuletwa vipi? Inspekta akaweka kikombe chini. Hapo kuna kitu. Mimi ni mtu wa security, wacha niwaambie. Huyo driver amewauza. Hii barabara iko na maduka ya kuku wa kukaanga ngapi?

— Kifaranga wa siku moja, Inspekta? Dokta akacheka. Atakaangwa nini, manyoya?

— Atafugwa kwanza! Hawa watu wana plan ndefu. Haraka haraka haina baraka.

— Aisee, hujui kitu. Ni mafua ya ndege. Serikali imewazuia njiani. Saa hizi wako hotelini na waomba hifadhi, kila mmoja ana namba yake, wanahojiwa.

— Wanahojiwa nini?

— Wametokea wapi, wamepitia nchi gani, na kwa nini wanaogopa kurudi kwao.

— Mkalimani wamepewa?

— Wamepewa, ila ni wa bata.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Hussam alicheka kwa midomo tu.

— Weye Dokta, mambo ya hoteli yalikuwa zamani, akasema Kontena, akimimina kahawa. Siku hizi hawahoji mtu. Hao wamesharejeshwa walikotoka. Wenye akili walitoroka kwa mlango wa nyuma. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.

— Warejeshwe wapi, na wametotolewa hapa hapa Uingereza?

— Kutotolewa hapa kitu gani? Wataulizwa yai lilitoka wapi.

Wakacheka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Inspekta akamgeukia Hussam.

— Lakini mzee, asubuhi ulikuwa kwa nyumba?

— Nilikuwepo.

— Na hukusikia mlango?

— Sikusikia.

— Basi huyo kijana hakufika. Hawa madereva huandika tu kwa simu eti hakuna mtu, wanaenda zao. Nipe namba ya kampuni, afutwe kazi leo.

— Wacha, Evans.

— Siwachi! Asiyekuwepo na lake halipo, na wewe ulikuwepo!

Hussam akakitua kikombe benchini. Kijana wa watu angepoteza kazi kwa ajili yake, naye bado anatafuta namna ya kukiri bila kuonekana mpumbavu. Inspekta alishatoa simu aliposikia mtu anaita kutoka upande wa kituo cha basi.

Alikuwa Shilpa, jirani wa ukuta kwa ukuta na Hussam, mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili hakikumtoka hata baada ya miaka yote ya Landani. Amefumbata boksi ndani ya koti lake, na ndani ya boksi kulikuwa na kelele nyembamba.

— Hussam, wewe uko hapa unakunywa kahawa? Shika watoto wako.

Akamwekea boksi mapajani.

— Driver alikuja kunigongea mimi. Karibu alie, masikini. Anasema pazia limetikisika lakini hakuna anayefungua, na hawa hawawezi kuzunguka na gari kwa baridi hii. Mmoja amenifia mkononi. Nimemzika kwenye chungu cha waridi.

Inspekta akarudisha simu mfukoni polepole.

— Nimewaweka karibu na hita, wengine wakapata nguvu, nikawapeleka kwako. Nikasema hodi, hodi, mimi Shilpa. Haifa akafungua kile kitundu cha barua, akaniambia, "Hatupo."

— Kwa Kiswahili? akauliza Dokta.

— Kiswahili safi. Huyo mtoto namsemesha tangu azaliwe, ananijibu Kiingereza tu. Leo ndiyo nimemsikia. Nani amemfundisha?

Aibu ikampanda Hussam mpaka masikioni. Neno hilo alimnong'oneza yeye mwenyewe, nyuma ya kochi, kiganja kikiwa bado mdomoni mwa mtoto.

— Ni mimi, akasema. Nilikuwa ndani. Yule kijana hana kosa.

Alingoja wamcheke. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Dokta alikuwa anatazama viatu vyake. Kontena, ambaye pazia la upande wa barabara kwake halijafunguliwa tangu ahamie nyumba ile, alikuwa anakizungusha kikombe kitupu.

Shilpa akawatazama mmoja mmoja.

— Lakini nyinyi wote si mna karatasi? Sasa mnamwogopa nani?

Hussam alitafuta jina, hata la mtu mmoja, akakosa. Akasimama, boksi kifuani, na bado hakujua mlango wake mwenyewe ataubisha vipi, wala atamwambia nini Haifa akifungua.