Saa ya Ghalani Iachwe Ilivyo

Leo ni tarehe 9 Juni. Ni miezi mitano na siku mbili tangu niondoke yadi kuu ya kokoto kuja kwenye kambi hii ya barabara, na nyumbani kwangu ni mbali zaidi ya hapo. Katibu wa jarida la wafanyakazi amenipigia simu kusema kwamba Fundi Sekunde anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na miwili kazini, na kwamba imeamuliwa niandike habari zake. Nikamwambia shule niliiachia darasa la sita. Akasema niandike tu, wengine wameshakataa.

Fundi alianza kwa kumshikia tochi fundi umeme wa zamani, akaishia kuwa mkuu wa umeme wa mashine zote tatu za kusagia mawe. Katika miaka yake yote hakuna mfanyakazi aliyepigwa na umeme pale yadi. Siku moja alizima mashine zote kwa sababu waya mmoja ulikuwa unanguruma vibaya. Mkuu wa yadi alifoka mpaka miwani ikamdondoka. Waya ulipofunguliwa ulikuwa umeungua ndani kama kuni. Jina la Sekunde alipewa kwenye chai ya asubuhi, kwa tabia yake ya kukwambia umechelewa kwa sekunde ngapi, nawe umeshika kikombe tayari.

Sifa yake nyingine iko nyuma ya ghala. Huko alijitengenezea mashine ya kurekodi matetemeko ya ardhi: kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye waya, kalamu, na karatasi inayozunguka polepole. Ardhi ikitikisika, kalamu inachora. Saa ya ukutani imeunganishwa hapo, na kila dakika inatia alama kwenye karatasi. Wapo wenzake miji mingine wenye mashine kama hiyo, wanaandikiana. Mkewe aliwahi kufika yadi akauliza, "Huyu mke mwenzangu anakula nini?"

Mimi nilikuwa nafagia ghala lile, na jambo moja lilinivuruga kichwa. Saa ile ilikuwa inachelewa sekunde mbili tatu kila siku. Kila asubuhi saa moja Fundi alisikiliza milio ya redio ya kutangaza saa, akaitazama saa yake, akaandika kwenye daftari: imechelewa sekunde kumi, kumi na tatu, kumi na tano. Hairekebishi. Anaandika, anaondoka. Nilimuuliza mtu mzima anaachaje saa mbovu ukutani. Akanijibu, "Ndugu yangu, saa ikichelewa na mimi najua, hiyo ni saa nzima. Kazi yangu ni kujua." Sikuelewa. Hata sasa naelewa nusu.

Basi Alhamisi moja daftari lilisema sekunde arobaini. Nikamwonea huruma. Ilipolia milio ya saa mbili nikapanda kwenye stuli, nikasogeza mshale ukalingana na redio. Nikashuka nimeridhika kabisa, nikaendelea kufagia. Sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe afurahi.

Siku hiyo saa nne kulikuwa na baruti. Mlipuaji wetu ni shemeji yake Fundi, amemwoa dada yake, na hubonyeza kwenye mlio wa mwisho wa redio, hana haraka na hachelewi. King'ora kililia, nikaingia chini ya meza na vidole masikioni. Chini kulitikisika, juu kulinguruma, sikujua kipi ni kipi. Tulipotoka, ukuta wa zahanati ya jirani ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka chini. Bahati hakuna aliyeumia. Majirani walisema baruti ilizidishwa. Mlipuaji akaapa ardhi ilitikisika kabla hajabonyeza. Tukaulizwa sisi. Nusu yetu walisikia kishindo kimoja, nusu viwili, mpishi alisikia vitatu.

Mkuu wa yadi akasema aulizwe Fundi na mashine yake. Mchana ule Fundi akasoma karatasi mbele ya watu wote. Mtikisiko umeanza saa nne kasoro sekunde arobaini kwa saa ya ukutani. Akafungua daftari, akajumlisha arobaini za asubuhi. Saa nne kamili. Ni baruti.

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini aliisema. Mlipuaji akatoa funguo za stoo ya baruti akaziweka mezani. "Shemeji," akasema, "leo umeniua kwa kalamu." Mimi nilisimama pale na ufagio nikihisi kuna kitu hakijakaa sawa, nisijue ni kitu gani.

Kesho yake saa moja Fundi alisikiliza redio, akatazama saa. Imechelewa sekunde mbili tu. Akakaa kwenye kreti. "Saa haiponi yenyewe," akasema. "Au mimi ndiye naumwa?" Hapo nikaegemeza ufagio ukutani, nikamwambia ni mimi.

Hakunitukana. Aliniuliza niliisogeza saa ngapi, akachukua rula. Alama za dakika huachana milimita thelathini. Kwenye karatasi ya jana, pale penye saa mbili, alama mbili ziliachana kumi tu: sekunde arobaini zilikuwa zimerukwa, kwa hiyo hazikuwa za kujumlishwa tena. Akalipima pengo mara tatu. "Limekaa hapa tangu jana," akasema, "nami nikasoma watu wasikie bila kulitazama." Mkuu hakuiamini rula. Fundi akampigia simu mwenzake wa mji wa pili: naye alikuwa amepata mtikisiko, na kwa saa yake ulianza kabla ya saa nne. Kabla ya chakula cha mchana mlipuaji alikuwa na funguo zake, na Fundi alimwomba radhi mbele ya watu walewale.

Mimi nilitegemea kufukuzwa ghalani. Nikakabidhiwa daftari la asubuhi. Nililiandika mpaka siku nilipoletwa huku, na sasa Fundi anasema litakuwa langu.

Fundi, ahsante kwa umeme usiomgusa mtu, na kwa kutonifokea siku ile. Pumzika vizuri, wewe na mama, na ukichelewa kuamka usihesabu. Na ninyi mliopo yadi, nawaomba msiiguse saa ya ghalani. Mimi natarajia kufika tarehe 29, saa nane mchana kwa saa yangu ya mkononi. Imechelewa dakika tatu na sekunde kumi. Sijaisogeza, nimeandika.