Marehemu Pacifique Nshimirimana, Aliyerekodi Misiba Yetu Bila Kuikata

Marehemu Pacifique Nshimirimana, ambaye wengi mlimwita Baba Anaïs, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 mkoani Ngozi, Burundi, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Bertrand na Mama Agathe, ambaye yuko hai na anatutazama sasa hivi kwa simu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaanza sekondari, vita vikamkatiza Oktoba 1993, akakimbilia Tanzania na wazazi wake, na huko kambini Kibondo alijifunza Kiswahili, kunyoa nywele na kushika kamera ya mtu mwingine.

Alifika Durban, Afrika Kusini, tarehe 2 Juni 2005, akaanza kwa kulinda magari Sydenham, kisha akafungua kibanda cha kunyolea karibu na stendi ya taxi Isipingo, na kila Jumamosi akarekodi harusi na misiba yetu kwenye DVD ambazo wasafiri walizibeba hadi Burundi. DVD zilipopitwa na wakati alihamia Facebook, baadaye akafungua chaneli ya YouTube, kwa kuwa ndugu waliobaki nyumbani hawapati viza ya kuja kuzika, basi angalau waone.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na Mireille Nahimana, wakajaliwa Anaïs mwaka 2010 na Achille mwaka 2014, wakaishi pamoja Cato Manor hadi alipofariki.

Mwaka 2021 watu walishazoea video fupi, chaneli ikakosa watazamaji, na mkewe akamwambia, "Baba Anaïs, nani ana bando la kutazama video ya saa tatu?" Akakubali, akaukata msiba wa jirani mmoja ukawa wa dakika moja, akauwekea muziki, ukatazamwa na watu elfu arobaini, naye akafurahi siku mbili. Siku ya tatu mama wa yule jirani alipiga simu kutoka Burundi, akauliza kwa upole, "Mwanangu mmemzika kwa dakika moja? Nani alitupa udongo?" Pacifique akaifuta ile video, akamtumia mama yule mazishi yote kwa WhatsApp, kipande kwa kipande, kazi ya siku nne, na mkewe hakusema tena habari za bando. Tangu hapo video fupi ilikuwa ya kutangaza msiba tu, mazishi yenyewe yakabaki mazima.

Mwaka 2023 sauti ya mazishi mawili ilizimwa mtandaoni, kwa sababu spika zilipiga nyimbo zenye wenyewe, akatuomba tuache spika tuimbe kwa vinywa vyetu, akisema kwamba kwa jinsi tunavyoimba hakuna atakayekuja kudai hakimiliki, na ndiyo maana leo hapa hakuna spika.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na siku za mapumziko alimfundisha Anaïs kushika simu bila kutikisika. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa pembeni.

Aliacha ombi moja, kwamba mama yake aone mazishi haya mwanzo hadi mwisho, na kila atakayetupa udongo asimame mbele ya simu ataje jina lake na kwao. Mireille amenunua bando na kuchaji betri mbili, kwa hiyo foleni ikiwa ndefu msiharakishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Cato Manor waliopika tangu Ijumaa, vinyozi wenzake wa Isipingo waliofunga vibanda vyao leo, na kwaya iliyokubali kuimba bila spika.

Baba Anaïs, pumzika kwa amani, mama yako anaona, na hapa hakuna kitakachokatwa.