Uongo Mara Mbili wa Bi Kidawa

Kwenye baraza ya Mkunazini, muuza kahawa akitua dele lake tu, ubishi ushaanza. Jumapili hiyo ya mwaka wa sabini na moja ubishi ulikuwa juu ya daftari la Jecha seremala. Jecha, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, alikuwa akisoma kisomo cha watu wazima kwa Bi Kidawa wa Mpendae. Ijumaa, Mungu ampe umri, alijikaza akaandika chini ya hesabu zake: “Nataka kukuposa.” Daftari likarudi na jibu, na tangu hapo maskini wa watu halali. Akalisoma tena:

— “Leta wazee siku moja baina ya Jumamosi na Jumanne. Mosi ni moja, pili ni mbili, mpaka nne. Nambari ya siku hiyo ni witiri. Nambari ni tatu. Nambari haifiki nne. Katika maneno hayo matatu, la kweli ni moja tu. Ukikosea siku, sifungui mlango tena.”

— Jumatatu! akasema Redio, aliyeitwa hivyo kwa kutonyamaza. Tatu ni witiri, tatu ni tatu, tatu haifiki nne. Yote kweli!

— Kasema kweli ni moja, akajibu Jecha.

— Unamwita mwalimu mwongo? Wahenga wamesema, njia ya mwongo ni fupi. Mpendae ni mbali. Basi yule mama si mwongo!

Machano, ambaye kwa kuhukumu kila kitu walimwita Kadhi, akakohoa.

— Haba na haba hujaza kibaba. Uongo mmoja na uongo mmoja, ukijumlisha, unapata kweli moja. Jumla kweli mbili. Nenda mara mbili.

— Mlango ukifungwa je?

— Unaingilia uani.

Jecha hakucheka. Jana nzima walibishana hivi hivi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtia Bi Kidawa uongoni, na Jecha mwenyewe kuliko wote. Alimpenda mno. Lakini sasa akaona: Bi Kidawa mwenyewe ndiye aliyesema kadanganya mara mbili. Kumwamini ni kumwamini na hapo pia.

— Mosi ni witiri na haifiki nne, kweli mbili, akasema taratibu. Tatu, zote kweli. Nne, zote uongo. Pili si witiri, si tatu, ila haifiki nne. Kweli moja. Jamani, ni Jumapili!

Bi Mwanapili, jirani, alikuwa akipita na kikapu chake.

— Shikamoo, Bi Mwanapili.

— Marahaba. Jumapili si ndiyo leo? Na alasiri ishaadhiniwa. Wazee wako wa posa wako wapi, Jecha?

Jecha akainama. Wazee wake wote wamezikwa Makunduchi.

Machano akaweka kikombe chini, akafunga kifungo cha juu cha shati. Redio akamuuliza Bi Mwanapili, kwa sauti ndogo, kama kofia yake imekaa sawa.