Jino Lililokufa Likabaki Kazini

Rafiki yangu Cheruto ndiye aliyeniambia kwanza. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, akaniona nimeshika shavu. Akaniambia nifungue mdomo, akamulika ndani kwa simu yake.

"Mama Zeddy," akasema, "hii nyeusi si ile rangi ya maji. Hili ni shimo."

Mimi nimezaliwa hapa Nakuru, na meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi waliokunywa maji ya visima vya huku wakiwa watoto. Doa jeusi lilipotokea kwenye jino langu la juu, nilidhani ni rangi tu imeongezeka. Kumbe Cheruto naye alidanganyika vivyo hivyo mwaka jana. Kisha akanieleza jambo lililoninyima usingizi. Daktari hakuling'oa jino lake. Alimpiga ganzi, akalitoboa, akatoa mshipa wote wa ndani, akasafisha, akaziba. Jino limekufa, lakini liko pale pale na linatafuna mahindi ya kuchoma. Aliligonga kwa ukucha nisikie.

Neno hilo nililipeleka kijiweni. Kijiwe chetu kiko kwenye kona moja ya mtaa wa Kaptembwa, lami inapoishia. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililowekwa juu ya mawe. Aliyelileta ni baba yake Khaemba, mmoja wa wazee wa kijiwe, zamani alipokuwa mfanyakazi wa reli. Kwa hiyo Khaemba anaitwa Injini, na huona treni katika kila jambo. Kando yake huketi Kinyanjui, fundi wa simu, tunayemwita Waya. Wa tatu ni Mzee Kimaiyo, aliyetolewa meno mawili ya mbele ya chini alipokuwa kijana, kwa desturi ya kwao. Yeye ni Pengo, na jina hilo analipenda. Milcah huuza kahawa ya tangawizi kutoka kwenye birika moja kubwa. Mimi huketi nyuma yao na beseni la mayai ya kuchemsha na kachumbari, mtoto mgongoni, na aghalabu huwa sisemi. Nikicheka hufunika mdomo kwa leso.

Siku hiyo leso ilikuwa imepanda hadi shavuni. Alfajiri, Zeddy akinyonya, alinigonga hapo kwa kichwa chake, nami nikamsukuma. Hakuumia. Alinitazama tu, na kule kutazamwa hakukuniondoka. Nikamwinamia Milcah, nikamnong'oneza:

— Waulize kama ni kweli jino linaweza kutolewa mshipa na libaki. Kuna mtu anataka kujua.

Milcah hana sauti ya chini.

— Wazee! Kuna mtu anauliza. Eti daktari anaweza kutoa mshipa wa jino, halafu aliache jino?

— Aliache wapi? akauliza Injini.

— Mdomoni.

— Likifanya nini?

— Likitafuna, Injini! Kwani la kwako hufanya kazi gani nyingine?

Injini aliweka kikombe chini polepole.

— Ngoja kwanza. Jino limezimwa. Halina uhai. Na bado linaingia kazini?

— Ndivyo wanasema.

— Basi hilo ni behewa. Behewa halina injini, lakini ukilifunga na mengine linafika Kisumu na mzigo wake. Mungu wangu! Mtu ana treni mdomoni na hajui.

— Wacha treni, buda, akasema Waya. Hiyo ni laini. Jino lina waya unapanda hadi kwa ubongo. Ukiumwa, ni jino linapiga simu. Daktari anakata laini. Ubongo ukipiga, mteja hapatikani.

Walicheka, lakini si sana. Nilimwona Injini akilipapasa gego lake kwa ulimi, shavu likivimba na kushuka, kama mtu anayekagua nyumba aliyoishi miaka mingi bila kuingia chumba cha nyuma.

— Na huyo daktari anaingilia wapi? akauliza Pengo. Jino halina mlango.

— Anatoboa, mzee, akasema Waya. Anaingiza kasindano kembamba kama unywele, anakwangua mpaka chini kwa mizizi.

— Na mtu yuko macho?

— Yuko macho, anaangalia taa, akajibu Milcah. Mimi sikufanyiwa hiyo, lakini niling'olewa gego. Unadungwa ganzi kwa ufizi. Ile sindano utaisikia, sikudanganyi. Baadaye mdomo unakuwa kama umeazimwa. Akivuta, nilisikia kusukumwa tu, na mlio, kama mtu anang'oa kigingi kwa jirani. Kwa jirani, si kwangu!

— Halafu?

— Halafu unauma pamba damu ishike. Wanakwambia usisukutue siku hiyo, usiguseguse, usinywe moto. Mimi kichwa ngumu nikanywa chai. Mdomo ulikuwa bado umelala, nikajichoma mpaka kidevuni bila kujua.

— Bila kujua! akasema Injini, akitikisa kichwa. Yaani unaungua na hupewi habari.

Pengo alijinyoosha. Tulijua kinachokuja.

— Mimi walitumia chuma. Hakuna sindano, hakuna taa. Nilikaa hivi, nikaangalia ng'ombe wa baba wakipita. Sikupepesa jicho.

— Na walitoa kwa nini, mzee?

— Ukipatwa na ule ugonjwa wa kufunga taya, watu wakunyweshe maziwa kupitia hapa.

— Na taya lako limewahi kujifunga?

— Bado.

— Nakuru nzima inangoja hiyo siku, Mzee Pengo, akasema Milcah.

Hapo nilicheka ndani ya leso, na jino likanijibu. Lilipiga kama moyo wa pili, juu kidogo ya mdomo.

— Shida ni hii, akasema Waya, sasa akiwa amesimama. Laini ya jino la juu ni ya jicho. Zinatumia nguzo moja. Daktari akivuta kwa nguvu, jicho linaingia ndani.

— Jicho gani! akasema Pengo. Mshipa wa jino unashuka mpaka kisiginoni. Jamaa yangu alikanyaga mwiba akichunga kule Mau Narok, akalia siku nzima ameshika gego.

— Hapo sasa, akasema Injini. Kisigino mpaka gego. Ni reli ndefu hiyo.

— Na wakishatoa, wanaziba na nini? akaendelea Waya. Wengine wanazibwa na chuma. Kuna jamaa wa Kikopey, kule kwa nyama choma, alizibwa hivyo. Akiuma ubavu wa mbuzi, anasikia taarifa ya habari.

— Ya saa ngapi?

— Inategemea ubavu.

Milcah alimpiga na kitambaa cha birika. Lakini Injini hakucheka. Alikuwa anatazama mbali.

— Mimi nawaza hako kamshipa, akasema. Kametoka. Kako wapi? Ndiko kalikuwa kanajua maji ya baridi, kanajua chai moto. Miaka yote hiyo kamekaa gizani ndani ya mfupa, kakimwambia mwenyewe, hii baridi, hii moto. Kadogo, hata mkononi hukaoni. Na kakikasirika kanamlaza mwanamume mzima chini, anaita mama yake.

Hata Waya aliketi. Kwa muda kidogo kijiwe chote kilikuwa kimefunga mdomo, kila mmoja akilinda meno yake.

Ni Pengo aliyeharibu.

— Lakini hayo yote si yetu. Meno ya Nakuru hayaozi. Hii rangi ni madini. Ni kama kupakwa chuma.

— Kweli kabisa, akasema Waya. Wanaooza ni wale wa meno meupe.

— Huyo mtu anayeuliza kama ni wa hapa, akasema Injini, mwambieni ni upepo tu umeingia. Aume kitunguu saumu, alale.

Nilisikia kitu kikilegea ndani yangu. Nilitaka sana kuwaamini. Kama ni upepo, singekwenda popote. Singefungua mdomo wangu wa kahawia mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, singedungwa sindano ambayo pengine ingeingia kwenye maziwa ya Zeddy. Hilo la maziwa ndilo lililokuwa likiniogopesha zaidi, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilianza hata kuwaza mahali pa kununua kitunguu saumu.

Wakati huo lori la viazi lilikuwa limesimama ng'ambo, gurudumu lake likizibwa. Dereva alivuka akaja, kijana mrefu, vumbi la Mau Narok mpaka kwenye kope.

— Sasa wazee. Mathe, niwekee kahawa.

— Karibu boss. Unaitwa nani?

— Weldon.

— Weldon, meno yako ni meupe, akasema Waya. Pole sana.

Wakamweleza yote kwa pamoja: behewa, laini, kisigino, mbuzi wa Kikopey, upepo. Alisikiliza akipuliza kahawa yake. Milcah aliinamisha birika ammalizie, likatoa tone la mwisho na masalio ya tangawizi. Weldon akatazama benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

— Sawa, akasema. Na mwenye jino ni nani?

Injini alimtazama Waya. Waya alimtazama Pengo.

— Si ni... kuna mtu, akasema Injini.

— Mtu gani? Anaumwa tangu lini?

Hawakujua. Walikuwa wamelitoboa jino hilo, wamelivuta, wamelizika, na hakuna aliyekuwa ameuliza ni la nani. Milcah alijua, lakini alijishughulisha na birika tupu, akiniachia mimi. Nilimshukuru kwa hilo, na nilimchukia kidogo.

Nikaishusha leso.

— Ni mimi, nikasema.

Waligeuka wote. Sidhani walikuwa wamewahi kunigeukia hivyo. Shavu lilikuwa limevimba upande mmoja, niliona kwenye macho yao.

— Mama Zeddy! Na umekaa hapo tukisema upepo?

Waya alitoa mfukoni ile lenzi anayotumia kutazama ndani ya simu, akawasha taa.

— Fungua, dadangu. Polepole.

Nilifungua. Wanaume wawili waliinama juu ya mdomo ambao nimeufunika tangu nikiwa msichana wa shule. Waya alitazama kwa muda mrefu, na aliposema, ilikuwa kwa sauti ndogo kama ya kanisani.

— Nimeona ndani. Injini, kuna chumba humu ndani. Rangi imekizunguka pande zote, mtu hawezi kujua kama kuna mlango.

— Hebu, akasema Injini. Akaangalia. Akavua kofia.

Pengo hakuinuka kutazama. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

— Nilipepesa, akasema.

— Nini, mzee?

— Jicho. Ng'ombe hata sikuwaona. Nilifumba macho yote mawili nikalia. Nenda kwa mwenye sindano, mwanangu. Usingoje.

Hapo nikasema lile la maziwa. Kama ganzi inaingia kwa mtoto. Walitazamana tena, na safari hii hakuna aliyejaribu kutunga jibu. Weldon alirudisha kikombe.

— Muulize yeye, kabla hajakudunga. Hiyo iwe kitu ya kwanza utasema.

Kesho yake asubuhi nilimnyonyesha Zeddy, nikapitia kwa Cheruto, tukaenda kliniki pamoja. Nilipoingia, daktari, mwanamke wa rika langu hivi, hakuwahi hata kuniamkua.

— Ninanyonyesha, nikasema. Hiyo ganzi itaingia kwa mtoto?

Akasema ganzi hufanya kazi pale inapodungwa, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno, nimnyonyeshe kama kawaida. Na kabla ya dawa yoyote ya kumeza nimkumbushe tena. Akapiga picha ya jino. Kwenye kioo cha kompyuta nililiona, likiwa limeota ndani yangu na mizizi yake, na katikati ya mizizi ule mstari mwembamba ambao Injini aliuwaza bila kuuona. Nilisahau kuogopa kwa sababu ya kuutazama. Nikalala kitini, nikafungua mdomo. Sindano niliisikia, kama Milcah alivyosema. Kisha akatoboa, akautoa mshipa, na yote hayo yakawa kwa jirani.

Aliniambia nitarudi amalizie kuziba na kulivika kofia lisipasuke, na kwamba siku chache nikiuma kitu nitahisi maumivu kidogo, nisishtuke. Nikatoka nje, nusu ya uso si yangu. Cheruto alinipa Zeddy, nikaketi kwenye ngazi nikamnyonyesha hapo hapo. Katikati ya kunyonya akainua kichwa, akanigonga shavu lile lile. Sikusikia kitu. Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo, leso ikiwa magotini, nikamvuta karibu zaidi.